Ukikamatwa na Polisi: Mashauri kwa Mtuhumiwa na kwa Jamaa Zake

Katika barua na maneno ya mdomo yanayotufikia kutoka Mvita, Likoni, Malindi, Lamu na hata bara, hapana swali linalorudiwa kuliko hili: askari wamemchukua mwanangu, au mume wangu, au ndugu yangu, basi nifanye nini? Na aghalabu swali lenyewe hufika limechelewa, mtuhumiwa keshatia sahihi karatasi asiyoisoma, jamaa wameshatoa pesa kwa mkono usiotoa risiti, na hakimu ameshaandika kuwa mshtakiwa amekiri kosa ambalo mwenyewe hakulifahamu vyema liliposomwa. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuyakusanya mashauri mahali pamoja, nikifuata Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, hususan Kifungu cha 49 chenye kueleza haki za mtu aliyekamatwa, pamoja na sheria zinazokisaidia. Wala sitasema juu ya falsafa ya haki na asili yake, kwa kuwa aliye korokoroni hana haja ya falsafa.

Neno moja nitangulize, maana yote yatakayofuata yamejengwa juu yake. Haki hizi hazitetewi kwa kubishana na askari barabarani, jambo ambalo vijana wetu hulipenda mno. Hutetewa kwa kuhesabu saa, kwa kushika majina na namba, na kwa kuyasema hayo yote mbele ya hakimu, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuamuru mlango ufunguliwe.

Msomaji wa Tanga, Unguja au Pemba asome kwa hadhari. Sheria nitakazozitaja ni za Kenya, na ijapokuwa hesabu ya saa 24 za kumfikisha mtu mahakamani yajulikana pia Tanzania Bara, yako makosa huko ambayo sheria imeyanyima dhamana kabisa, na Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya mwenendo wa kesi za jinai.

Pale unapokamatwa

Wako wanaoamini kuwa askari asiye na waranti mkononi hana ruhusa ya kumgusa mtu. Imani hiyo imewaponza wengi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai yampa askari ruhusa ya kukamata bila ya waranti katika mambo kadha wa kadha, na mwenye kumpinga kwa mikono huenda akaongezewa shtaka la pili ambalo pengine ni zito kuliko la kwanza. Basi fanya hivi:

- Simama, mikono yako ionekane, wala usikimbie. Ukijisalimisha kwa neno au kwa tendo, askari hana sababu ya kisheria ya kutumia nguvu.
- Uliza kwa sauti ya kawaida: nakamatwa kwa kosa gani, na napelekwa kituo gani? Ni wajibu wake kukueleza sababu upesi, na kwa lugha unayoifahamu.
- Tazama jina au namba ya utumishi, ambayo afisa aliyevaa sare hupaswa kuivaa mahali panapoonekana. Asiyevaa sare, mwombe kwa adabu akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi.
- Shika namba ya gari. Likiwa halina namba, hilo nalo ni la kukumbukwa.
- Mwite aliye karibu, hata akiwa muuza madafu usiyemjua, umtajie jina lako na namba ya simu ya nyumbani.

Jina lako na kitambulisho chako vitoe. Maelezo ya ulikuwa wapi, na nani, ukifanya nini, yangoje.

Msako wa nyumba na wa simu

Kwa kawaida nyumba husakwa kwa waranti ya mahakama, na waranti hiyo hutumika baina ya kuchomoza jua na kuchwa kwake, isipokuwa mahakama yenyewe iwe imeandika ndani yake kuwa saa nyingine zaruhusiwa. Walakini sheria imeacha mlango kwa mambo ya dharura, na mwenye nyumba hana njia ya kuamua pale kizingitini kama dharura ni ya kweli au ni ya kubuni. Kwa hivyo usijilaze mlangoni. Sema mbele ya majirani, tena usikike, "Mimi sikubali kwa hiari yangu, lakini siwazuii," kisha uache kazi iendelee huku ukiangalia. Neno hilo dogo lina thamani kubwa baadaye, kwa kuwa Kifungu cha 50 cha Katiba chasema kuwa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, na wakili wako atahitaji kuonyesha kuwa wewe hukuridhia.

Waranti ikiwepo, isome jina na mahali palipotajwa. Vitu vikichukuliwa, omba orodha iliyoandikwa, uilinganishe na vitu vyenyewe kimoja kimoja kabla ya kutia sahihi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa kuchunga staha yake. Hilo ni sharti la sheria, si upole wa afisa.

Simu ni mlango wa nyumba nzima siku hizi. Kifungu cha 31 chalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 imeweka utaratibu wa polisi kuomba amri ya mahakama ili kupekua yaliyohifadhiwa ndani ya chombo. Akikutaka namba ya siri, jibu kuwa utaitoa mahakama ikiamuru. Usiivunje simu wala kufuta kitu mbele yao, maana hapo utakuwa umeharibu ushahidi.

Kituoni: kitabu kwanza

Ukifika kituoni, jambo la kwanza ni kitabu cha matukio, ambacho watu wote hukiita OB. Mtu ambaye hakuandikwa humo ni kama hayupo, na asiyekuwapo hana saa zinazohesabiwa.

Hakikisha, kadiri uwezavyo, mambo haya:

- Jina lako limeandikwa sawasawa, pamoja na kosa unalotuhumiwa.
- Saa iliyoandikwa ni saa uliyokamatwa, si saa uliyoingizwa kituoni. Tofauti hiyo yaweza kuwa ya nusu siku, hasa mtu akizungushwa ndani ya gari usiku kucha.
- Pesa, simu, saa ya mkono na mshipi vimeandikwa kwa idadi.
- Maradhi yako yametajwa. Mwenye sukari, presha au pumu aseme jina la dawa na wakati wa kuitumia.

Iombe namba ya OB uikariri moyoni. Kisha omba kuwasiliana na wakili na jamaa. Katiba haikutaja wakili peke yake, imetaja pia watu wengine ambao msaada wao unahitajika, na kwa hivyo mzazi, mke au rafiki amo. Akikataliwa mtu ombi hilo asigombane, ila akumbuke nani alikataa na saa ngapi.

Kunyamaza na kusema

Haki ya kunyamaza ndiyo ngumu kuliko zote kwa watu wa pwani, kwa sababu sisi tumelelewa kuwa mtu akiulizwa na mkubwa hujibu, na kimya huonekana ni kiburi. Msomaji mmoja ameuliza: nikinyamaza, si nitadhaniwa kuwa mkosaji? Huenda afisa akadhani hivyo. Lakini dhana yake si hukumu, na anayehukumu ameamrishwa na Katiba akuhesabu huna hatia mpaka ithibitike kinyume chake. Kwa upande wa pili, maneno uliyoyatoa usiku wa manane, kwa hofu na njaa, ukitaka tu kuachiliwa, yatasomwa mahakamani miezi mingi baadaye na mtu ambaye hakuiona hofu yako wala njaa yako.

Kunyamaza nako kuna adabu yake. Sema: "Kwa heshima, afande, nitazungumza nikiwa na wakili wangu." Kisha nyamaza kikwelikweli. Kosa la wengi ni kukataa kuandikisha maelezo mezani, halafu wakayamwaga yote kwa askari mpole anayewaletea chai, au kwa mahabusu mwenzao wa seli.

Juu ya kukiri, Sheria ya Ushahidi katika kifungu chake cha 25A imeweka boma: kukiri kosa hakupokewi kuwa ushahidi ila kuwe kumefanyika mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo na ambaye cheo chake hakipungui Inspekta, akiwepo pia mtu wa tatu uliyemchagua wewe mwenyewe. Kwa hivyo anayekwambia, "Kiri hapa tumalize, ni sisi wawili tu," amekwambia mwenyewe kuwa analolifanya halimo katika sheria.

Na kuhusu sahihi:

- Usitie sahihi karatasi tupu, wala yenye nafasi zilizoachwa wazi. Zipige mstari kwanza.
- Usitie sahihi maneno yaliyoandikwa kwa Kiingereza ikiwa hukijui. Taka usomewe kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi.
- Usitie sahihi kwa ahadi ya kuachiliwa.
- Ukilazimishwa kwa kipigo, usibishane hadi uvunjwe. Yaseme yote kwa hakimu, siku hiyo hiyo ya kwanza.

Hesabu ya saa 24

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pote, kwa mtuhumiwa na kwa jamaa, na yamkini kwa baadhi ya maafisa pia. Katiba yasema ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu kukamatwa. Lakini saa hizo zikimalizikia nje ya saa za kazi za mahakama, au katika siku isiyokuwa ya mahakama, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Watu huikumbuka sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Tuipitie kwa mifano:

- Aliyekamatwa Jumanne saa tatu asubuhi, saa zake zamalizika Jumatano saa tatu asubuhi, mahakama ikiwa wazi. Akifikishwa Jumatano alasiri, haki yake imeshavunjwa.
- Aliyekamatwa Alhamisi saa tisa alasiri, afikishwe kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri.
- Aliyekamatwa Alhamisi saa mbili usiku, saa zake zamalizika Ijumaa usiku, mahakama zimefungwa. Basi polisi wana hadi mwisho wa Jumatatu.
- Aliyekamatwa Ijumaa asubuhi, saa zake zamalizika Jumamosi. Naye pia ni Jumatatu, na Jumatatu ikiwa ni siku ya Idi au sikukuu nyingine ya serikali, ni Jumanne.

Ndiyo sababu kukamatwa Ijumaa kunaogopwa mitaani. Walakini wengi hawajui kuwa sheria imeweka dawa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chasema kuwa mtu aliyekamatwa bila ya waranti, ikionekana haitawezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo ni lazima aichunguze kesi yake, na kosa lisipokuwa zito amwachilie kwa bondi. Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia nguvu hayamo. Basi jamaa wa mtu aliyekamatwa Ijumaa kwa ugomvi wa ulevi au deni la duka asikae nyumbani akingoja Jumatatu. Aende akaonane na mkuu wa kituo, yaani OCS, Ijumaa hiyo hiyo, akaitaje sheria hiyo kwa taadhima.

Na je, saa zikipita? Hapa sharuti niwavunje moyo wanaodhani kuwa kesi hufa papo hapo. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia huru mtu aliyekuwa amezuiliwa kwa muda wa miezi minane kabla ya kufikishwa kortini, na tangu hapo mawakili wengi walikimbilia hoja hiyo. Lakini mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo iligeuza mwelekeo, ikaona kuwa dawa ya kuzuiliwa kupita kiasi ni kudai fidia, na si kufutiwa shtaka. Kwa hivyo zihesabu saa, ziandike, zisemwe mbele ya hakimu, na zitunzwe kwa dai la baadaye. Usizifanye kuwa utetezi wako wote.

Yako pia mashtaka ambayo kwayo muda huongezwa. Katika mambo ya ugaidi, sheria ya mwaka 2012 yairuhusu mahakama kuamuru mtuhumiwa azuiliwe wakati upelelezi ukiendelea, jumla ya muda wote isizidi siku 90. Hata hivyo ni mahakama inayoamuru, si kituo. Mtuhumiwa wa ugaidi naye afikishwe mbele ya hakimu kama mwingine yeyote, na afisa aeleze kwa kiapo kwa nini anahitaji siku zaidi. Vivyo hivyo katika makosa mengine polisi huja na maombi ya kumshikilia mtu siku 7 au 14, na jamaa hukaa kimya wakidhani hilo limeshaamuliwa. Halijaamuliwa. Mtuhumiwa ana haki ya kulipinga, aulize ni jambo gani la upelelezi ambalo haliwezekani kufanywa yeye akiwa nje kwa dhamana.

Kazi ya walio nje

Mtu akishatiwa ndani, kesi yake kwa siku mbili za mwanzo huwa mikononi mwa walio nje, na mara nyingi ni mama au dada anayehangaika peke yake ilhali wanaume wa ukoo wamekaa barazani wakijadili nani wa kumpigia simu. Hangaiko hilo liwe na mpango:

1. Jamaa mmoja tu ateuliwe kuwa msemaji, aliye mtulivu, awe na daftari. Kila kituo, kila saa, kila jina, kila jibu liandikwe.
2. Uliza OB kituo kwa kituo, ukianzia kilicho karibu na mahali alipokamatwa. Ukiambiwa hayupo Makupa, nenda Central, kisha Changamwe au Likoni, na kila pahali uandike nani aliyekujibu.
3. Chukua kitambulisho chake, karatasi za hospitali na dawa.
4. Tafuta wakili. Asiye na uwezo aende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au kwa mashirika yenye afisi Mombasa, kama Kituo cha Sheria, MUHURI na Haki Africa.
5. Vituo vyote vikimkana, na watu waliona akichukuliwa, usipoteze siku ya pili. Wakili na aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mahakamani, awe hai au awe maiti. Haki hiyo ni miongoni mwa zile chache ambazo Kifungu cha 25 cha Katiba kimezikataza kupunguzwa kwa hali yoyote ile.

Asiyepata wakili kwa wakati asikate tamaa ya Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 kimeagiza kusiwe na ada ya kufungulia madai ya haki za kikatiba, na kwamba mahakama, inapobidi, ipokee maombi yaliyoandikwa bila ya mitindo ya kisheria. Barua ya mkono yenye jina, mahali, saa na majina ya mashahidi yaweza kutosha kuanzia.

Siku ya kwanza mbele ya hakimu

Siku hiyo mambo hupita upesi mno. Majina huitwa kwa makundi, shtaka husomwa, na kabla mtu hajakaa vizuri keshaulizwa, "Ni kweli au si kweli?" Ndipo wengi hujimaliza wenyewe. Wameambiwa korokoroni na wenzao kuwa wakikiri watatozwa faini ndogo warudi nyumbani jioni, nao hukiri. Faini hulipwa, jioni hurudi, na mwaka wa pili kijana akiomba kazi bandarini au safari ya Ghuba ndipo anapotakiwa cheti cha tabia njema, na hukumu ile imo. Na yaweza kuwa si faini, bali kifungo.

Ikiwa hukutenda kosa, au huna hakika na lililoandikwa, sema si kweli. Ikiwa hukufahamu, sema hukufahamu, uombe mkalimani, ambaye hulipi wewe. Fauka ya hayo, jua kuwa baada ya mtu kukiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio zima, na mshtakiwa huulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli. Ukiyapinga katika jambo la msingi, hakimu sharuti aandike kuwa umekana, na kesi isikilizwe. Hata aliyekiri kwa pupa ana nafasi hiyo ya kujirudi, na anaweza kuomba kubadili jawabu lake kabla ya hukumu ya adhabu kutolewa.

Ukipewa nafasi ya kusema, sema haya kwa ufupi: siku na saa uliyokamatwa, kituo ulichowekwa, kama ulinyimwa wakili au jamaa, kama ulipigwa, na mahali palipoumia, uombe upelekwe hospitali na iandikwe kuwa umeomba. Usihutubu. Kinachotafutwa ni kumbukumbu ya mahakama iandikwe, kwa sababu miaka miwili baadaye ndiyo itakayosema.

Kisha omba dhamana. Ni haki yako kwa masharti yanayowezekana, isipokuwa pawepo sababu nzito ya kukunyima, na wa kuionyesha sababu hiyo ni upande wa mashtaka. Tena Kifungu cha 49 kimeongeza jambo ambalo hata baadhi ya washtakiwa wazoefu hawalijui: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande.

Hapa Pwani pana mkasa wake. Mahakama hupenda mdhamini mwenye hati ya shamba, na familia nyingi kuanzia Kwale hadi Lamu zimekaa vizazi juu ya ardhi isiyokuwa na hati. Usikubali bondi usiyoweza kuitimiza kisha ukarudi rumande kimya kimya. Mweleze hakimu kazi yako, watoto wako, makazi yako, na kiasi mnachoweza, uombe pesa taslimu kidogo au mdhamini wa mali nyingine kama gari. Masharti yakiwa mazito kupita kiasi, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyapunguza. Na anayekwenda kumdhamini mwenzake ajue ameweka mali yake rehani: mshtakiwa akitoroka, mali hiyo hudaiwa.

Shaka tunazoletewa

*"Polisi wenyewe hawazifuati sheria hizi, sasa nizijue za nini?"* Wako wasiozifuata, na baada ya maandamano ya Juni 2024 hapana haja ya kumthibitishia Mkenya jambo hilo. Lakini hakimu hawezi kutibu asichoambiwa, na mtu asiyejua saa alizokaa hana la kumwambia.

*"Nikidai haki, si nitapigwa zaidi?"* Yawezekana, ndiyo maana nimesema udai kwa upole na mara moja tu, kisha ukumbuke. Hapana sheria inayomtaka mtu awe shujaa ndani ya seli.

*"Si bora nitoe kitu kidogo yaishe?"* Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Na kwa kawaida hayaishi. Aliyetoa mara moja hujulikana kuwa ni mtoaji.

Mtoto akikamatwa

Aliye chini ya miaka 18 hazuiliwi ila iwe ni njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, aliye chini ya miaka 12 hana dhima ya jinai. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, maana mabishano mengi huwa ni ya umri, na kijana mrefu mwenye ndevu mbili tatu huandikwa miaka 19 bila ya kuulizwa.

Ukipigwa au kudhulumiwa

Hospitali kwanza, kabla ya wakili na kabla ya magazeti. Jeraha hupona na ushahidi wake huondoka nalo. Piga picha mchana, zikionyesha uso pamoja na jeraha. Chukua fomu ya P3 kituoni, ikijazwa na daktari ubaki na nakala. Kisha peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Ukiogopa kwenda kituo kile kile kilichokudhulumu kuitafuta P3, nenda kingine.

Pesa za dhamana

Bondi ya polisi yenyewe haina ada. Ukitakiwa pesa taslimu kituoni, zitolewe kwa risiti ya serikali, na ukiambiwa vitabu vya risiti vimekwisha, usitoe mpaka vipatikane. Za mahakamani hulipwa kwa njia rasmi ya mahakama, benki au simu, wala hazitumwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa ni karani. Pesa hizi si faini: kesi ikimalizika, awe mshtakiwa amefungwa au ameachiliwa, maadamu alihudhuria siku zote, hurejeshwa. Hurejeshwa kwa yule ambaye jina lake limo katika risiti, si kwa mshtakiwa; basi msiandike jina la rafiki mliyemkuta uani kwa mahakama. Piga nakala ya risiti siku hiyo hiyo, asili yake iwekwe na mtu asiyehamahama, na kesi ikifungwa, mwenye risiti aende masjala na kitambulisho chake kuomba arudishiwe, asingoje kuitwa.